Wanafunzi wangu watu wazima wanachekana Kiingereza chao. Nirudi kwenye ubao?

SWALI

Mwalimu, salaam.

Nafundisha Kiingereza cha kuzungumza hapa Kayole, Nairobi. Darasa ni la jioni, la watu wazima waliotoka kazini. Tunakodi ukumbi wa kanisa kwa saa moja na nusu, Jumatatu na Alhamisi. Wanafunzi ni 22. Kuna wasusi, masoja (walinzi) wanaopitia darasani kabla ya zamu ya usiku, vijana waliomaliza kidato cha nne na wanatafuta kazi ya kupokea simu za wateja, dada wawili wanaosomea kozi ya kuhudumia wazee ili waende Uingereza, na mama mmoja fundi cherehani mwenye kibanda Eastleigh, ambaye baadhi ya wateja wake hawajui Kiswahili.

Kwa muda mrefu nilifundisha kwa ubao. Sarufi, msamiati, wanakariri, wanaandika. Madaftari yalijaa na midomo ikabaki imefungwa. Ndipo nikaanza kuwaketisha wawili wawili. Nawapa mada, wanazungumza dakika kumi, halafu kila mmoja anamwambia mwenzake makosa aliyoyasikia. Niliwahi kusoma kwamba mtu hujifunza vizuri akipata maoni kutoka kwa mwanafunzi mwenzake.

Mambo hayaendi nilivyotarajia. Dakika mbili hazijaisha wamesharudi kwenye Kiswahili, na vijana kwenye Sheng. Ukifika wakati wa kusahihishana, nusu ya darasa wanaambiana "uko sawa" na kufungua WhatsApp. Nusu nyingine wanachekana. Wiki iliyopita yule mama fundi aliketi na kijana mmoja mwenye alama nzuri za KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Mama lugha yake ya kwanza ni Kijaluo, akasema "fis" alipotaka kusema "fish". Kijana akapaza sauti: "Wasee, mathe ameshrub!", yaani mama ameharibu matamshi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama naye akacheka, lakini baada ya muda mfupi akachukua mkoba wake, akasema kuna mteja anamngoja. Hajarudi tangu siku hiyo, na nikimpigia simu hashiki.

Juu ya hayo, wanafunzi wawili wamenijia wakaniambia bila kuficha: "Teacher, tumelipa tukusikie wewe. Huyu mwenzangu anajua nini kunishinda?" Wengine wamependekeza tuweke faini ya shilingi 10 kwa kila atakayesikika akizungumza Kiswahili, na pesa hizo zinunue chai.

Je, nirudi kwenye ubao? Au kuna namna ya kuwafanya wasahihishane bila kuumizana? Na hiyo faini niikubali?

Mwalimu wa jioni, Kayole

JIBU

Mwalimu mwenzangu,

Usirudi kwenye ubao. Waache waendelee kuzungumza wawili wawili, tena waongezee muda. Jambo la kuacha ni lile la kumwomba mwanafunzi atafute makosa ya mwenzake. Mwombe asikilize, kisha aseme ameelewa nini. Naamini ukibadilisha hilo, mengi uliyoniandikia yatalegea, kicheko kikiwemo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu utaihitaji utakapowajibu wale waliolipa ili wakusikie wewe. Una dakika 90 na watu 22. Ukizungumza na mmoja mmoja, hata wewe mwenyewe usipotamka neno, kila mtu atapata dakika nne tu. Wakiketi wawili wawili kwa nusu saa, kila mmoja atakuwa amezungumza robo saa na kusikiliza robo saa. Kiingereza chako, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kuhamia kinywani mwao kwa kusikilizwa tu. Lazima wao wenyewe watafute maneno, wakwame, wajaribu njia nyingine.

Wala vyeti visikudanganye. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza na kusikiliza. Lakini mtahiniwa hazungumzi na mtu yeyote. Anasoma mazungumzo yaliyochapishwa, anaandika maneno yanayotamkwa sawa, anaeleza kwa kalamu jinsi ambavyo angejiandaa kwa mahojiano ya kazi. Kijana anaweza kupasi vizuri sana bila kuwahi kuketi na mtu na kuongea Kiingereza kwa dakika tano mfululizo, huku mwenzake akimuuliza na yeye akijibu. Huyo wako aliyemcheka mama huenda ndiye anayeyahitaji mazoezi haya kuliko wote, na huenda anajua hivyo.

Kuna hofu moja ya wanafunzi wako ambayo ni ya haki kabisa: kwamba wakizungumza wao kwa wao wataambukizana makosa. Mwaka 1985 Michael Long na Patricia Porter waliandika makala iliyokusanya tafiti kuhusu wanafunzi wa lugha ya pili wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe. Walionyesha kwamba mwanafunzi akiwa na mwanafunzi mwenzake huzungumza zaidi kuliko akiwa na mtu aliyezaliwa na lugha hiyo. Hakosei zaidi, na makosa ya mwenzake huyaiga kwa nadra. Ila jambo jingine lilijitokeza, na hili linakuhusu wewe: wanafunzi wakiachwa wenyewe hawasahihishani sana. Wanachofanya ni kuulizana pale ambapo hawajaelewana. Kwa hiyo ukiwalazimisha wasahihishane, unawapa kazi ambayo hawana ujuzi wake, na unawanyang'anya ile wanayoiweza.

Hiyo wanayoiweza ndiyo yenye faida. Chukua mfano wa mama fundi. Amwambie mteja kwamba nguo itakuwa tayari "Thursday", mteja asikie "Tuesday", na siku ya Jumanne asubuhi kibandani kuna ugomvi. Sasa mweke darasani na mwenzake anayesikiliza kwa dhati. Mwenzake atamuuliza, "Did you say Tuesday or Thursday?" Mama atarudia taratibu, aone bado hajaeleweka, aongeze "the day before Friday". Hapo amejifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba matamshi ya neno lile yanahitaji kazi, na kwamba ana njia ya kujinasua hata kabla matamshi hayajakaa sawa. Hakuna aliyemwambia amekosea. Ameona mwenyewe pale maana ilipodondoka.

Ndiyo maana nasema kazi ya mwenza ni kusikiliza. Mmoja akimaliza kuzungumza, mwingine amrudishie alichosikia: umesema mwenye nyumba anataka kodi kabla ya tarehe tano, umesema maji huja Jumatano peke yake. Aliyezungumza atathibitisha au atakataa. Na msikilizaji asipoelewa, aulize papo hapo. Hili linahitaji kufundishwa, Mwalimu, usilichukulie kuwa litakuja lenyewe. Wengi wetu tumelelewa kuitikia kwa kichwa hata tusipoelewa, hasa tukiwa mbele ya aliyetuzidi umri, maana kumwambia mtu mzima arudie kauli yake kunaonekana kama kumkosea adabu. Nunua karatasi ya manila, uandike kwa kalamu nene: "Sorry, I didn't catch that." "Do you mean...?" "Could you say that again, please?" Ibandike ukutani, wazitamke wote kwa pamoja kila jioni kabla ya kuanza, mpaka ziwatoke bila kufikiri. Sentensi hizo tatu zitawafaa katika kila kazi wanayoitafuta. Mpokea simu asiyejua kuuliza tena hawezi kukaa kwenye kazi hiyo.

Mazungumzo yakiisha, maoni yawe ya maswali mawili tu. Nini katika maneno ya mwenzako ulikielewa vizuri au kilikuvutia? Ni wapi ulipotea? Wajibu kwa Kiswahili wakitaka. Najua walimu wengi hawatakubaliana nami hapa, lakini msusi aliyesoma mpaka darasa la nane hawezi kupima maneno ya mtu kwa lugha ambayo yeye mwenyewe bado anaitafuta, na hilo ndilo hasa linalozaa ile "uko sawa" unayoilalamikia. Anasema "uko sawa" kwa sababu hujamwonyesha asikilize nini, na hana maneno ya kusema zaidi ya hapo.

Wakishazoea, unaweza kuongeza jambo moja la lugha kwa jioni. Moja, si matano. Jioni moja wasikilize "he" na "she" peke yake, kwa sababu sisi wa "yeye" tunazichanganya mpaka mgeni hajui tena kama tunasimulia habari za baba au za mama. Msikilizaji awe na kipande cha karatasi, apige alama kila anaposikia zimechanganywa, na mwishoni ampe mwenzake karatasi ile bila hotuba. Jioni nyingine iwe ni wakati uliopita. Mtu aliyepewa kitu kimoja cha kusikiliza hukisikia. Aliyeambiwa "tafuta makosa" husikia lafudhi tu, na hapo ndipo kicheko kinapoanzia.

Kicheko nataka nikae nacho kidogo, maana ndicho kilichokunyang'anya mwanafunzi.

Wanafunzi wako wengi wamepitia diski. Unaijua: kibao au kipande cha mti chenye uzi, anavishwa shingoni mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani shuleni, naye anazunguka siku nzima akitega sikio amnase mwingine amkabidhi kabla ya kengele ya jioni, maana atakayebaki nayo ndiye atakayechapwa. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa kusikilizana. Nakusikiliza ili nikunase. Mtu amekaa na mafunzo hayo kwa miaka, kisha anakuja ukumbini kwako na anaambiwa asikilize makosa ya mwenzake na ayaseme. Anafanya kile anachokijua. Yule kijana hakuwa na sababu ya kumchukia mama. Aliona amemnasa mtu kabla hajanaswa yeye, akatangaza.

Tena alikosea hata kwa kipimo cha lugha. Kijaluo hakina sauti ya "sh", kwa hiyo mtu aliyekua nacho huiweka "s" mahali pake. Kisomali hakina "p". Wakikuyu wengi hubadilishana "r" na "l". Kila mtu katika ukumbi ule ana sauti fulani ambayo lugha ya kwao haikumpa, kijana akiwemo, na wewe na mimi pia. Swali la mwalimu ni kama sauti hiyo inamzuia mtu kueleweka. Mama akizungumzia samaki wa Kisumu, hakuna atakayepotea kwa sababu ya "fis". Akichanganya Jumanne na Alhamisi, mteja atapotea. Ya pili ndiyo ya kufanyia kazi. Waeleze hilo dada zako wawili wanaotaka kwenda Uingereza, kama wamepanga kufanya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza. Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Katikati yake mtahiniwa hupewa mada na dakika moja ya kujiandaa, kisha huzungumza peke yake kwa muda usiozidi dakika mbili. Matamshi ni kipimo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa, pamoja na ufasaha na mtiririko, msamiati, na sarufi. Mtahini anapima kama anakuelewa bila kutaabika. Hakukatii alama kwa kuwa umesikika kama mtu wa Nyeri au wa Siaya.

Sikuambii uzuie kicheko chote, hutaweza, na ukumbi usio na kicheko si wa Nairobi. Wawili wakielewana vibaya kisha wakacheka pamoja, huo ni urafiki unaanza, na mtu mwenye rafiki darasani hakosi kuja. Ninachokiogopa ni tangazo. Weka sharti moja na uliseme mbele ya wote: yanayosemwa kati ya wawili hayatangazwi kwa ukumbi. Mtu akilivunja, usimpe hotuba ya dakika kumi. Muulize tu, kwa sauti ya kawaida, "Umeelewa alichosema?" Atasema ndiyo. "Basi mrudishie, halafu aendelee." Mara ya kwanza watashangaa. Shikilia hapo hapo.

Huyo kijana mwite pembeni peke yake, wala usimwaibishe alivyomwaibisha mwenzake. Mwambie kilichotokea kilimfikia mama vipi. Kisha mpe kazi inayolingana na uwezo wake: katika kundi la watatu, yeye awe wa tatu, asiyezungumza, anayeandika maswali ambayo wenzake waliulizana na jinsi walivyojibizana. Mtu wa aina yake akinyamaza na kuandika kwa wiki chache huanza kusikia mambo ambayo alikuwa hayasikii.

Na mama, mwendee. Usimtumie ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, na usiendelee kumpigia, maana kushika simu ya mwalimu baada ya aibu ile ni kazi ngumu kwa mtu mzima. Panda matatu uende Eastleigh, umkute kibandani kwake saa ambazo hana wateja wengi. Kama una suruali ya kupunguza, ichukue. Usimwahidi kwamba hakuna atakayecheka tena. Mwambie kitu gani umekibadilisha, kisha muulize wateja wake wasiojua Kiswahili humwambia nini hasa: vipimo, bei, malipo ya kwanza, siku ya kuchukua nguo, malalamiko ya mkono uliobana. Andika. Maneno hayo ndiyo yatakuwa somo lako la wiki atakayorudi, na yeye ndiye pekee darasani atakayekuwa anajua kazi ile inavyokwenda.

Siku hiyo asiketi na yule kijana. Neomy Storch, mtafiti wa Australia, alifuatilia wanafunzi wa Kiingereza waliofanya kazi wawili wawili, akachapisha matokeo mwaka 2002. Waliofaidika zaidi walikuwa wale walioshirikiana kwa kweli, na wale ambao mmoja alijua zaidi lakini alimvuta mwenzake ndani ya kazi. Pale ambapo mmoja alitawala na mwingine akanyamaza, faida ilikuwa ndogo. Kwa hiyo usihangaike sana na nani anajua zaidi na nani anajua kidogo. Angalia nani anampa mwenzake nafasi. Mmoja wa wale dada wa kuhudumia wazee atamfaa mama. Kazi yao yenyewe itawadai kusikiliza watu waliowazidi umri.

Kuhusu kurudi kwenye Kiswahili baada ya dakika mbili, sababu kubwa ni mada zako. "Zungumzeni kuhusu familia" haiwadai chochote. Wameshasema wana watoto wangapi, wamemaliza. Wape kitu ambacho mmoja anacho na mwingine hana. Karatasi ya kwanza ni ya mwenye nyumba: chumba kiko ghorofa ya tatu, anataka deposti ya miezi miwili, stima ni ya tokeni, hataki mbwa. Karatasi ya pili ni ya mpangaji: ana pesa za mwezi mmoja, anarudi kazini saa sita usiku, ana mtoto mchanga. Hakuna anayeona karatasi ya mwenzake, na lazima wafikie makubaliano. Hapo watazungumza kwa sababu wana haja. Ukimpa yule asiyejua sana karatasi yenye habari nyingi, anayejua zaidi atalazimika kumuuliza na kumngoja.

Kisha warudie. Walimu hupenda kuwa na kazi mpya kila mara, na mwanafunzi ndiye anayeumia. Paul Nation wa New Zealand aliandika mwaka 1989 kuhusu zoezi ambalo mwanafunzi anatoa masimulizi yaleyale kwa watu watatu tofauti, mmoja baada ya mwingine: dakika nne kwa wa kwanza, tatu kwa wa pili, mbili kwa wa tatu. Mara ya tatu maneno yanatoka kwa kasi na kigugumizi kimepungua. Wanafunzi wako 22 wapange safu mbili zinazotazamana, na safu moja isogee kiti kimoja kila unapopiga kofi. Ukumbi utakuwa na kelele nyingi. Mweleze pasta mapema.

Wewe wakati huo unafanya nini? Unatembea katikati yao na daftari, unaandika, hukatizi mtu. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wao wa madarasa ya shule za msingi nchini Kanada, ambako watoto walikuwa wakisoma kwa Kifaransa. Walimu walichopenda kufanya ni kumrudishia mtoto sentensi yake ikiwa imenyooshwa, kisha wakaendelea na somo. Hiyo ndiyo njia iliyotumika kuliko zote, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi waitikie sahihisho kwa uchache kuliko zote. Mwalimu alipomvuta mwanafunzi alitafute jibu mwenyewe, alijirekebisha zaidi. Kwa hiyo robo saa ya mwisho rudi ubaoni, maana ubao bado una kazi. Andika sentensi tano au sita ulizosikia, bila kutaja nani kasema. Changanya humo moja au mbili ambazo ni nzuri sana, ili wasizoee kwamba kila kinachoandikwa pale ni kosa. Wawili wawili waamue ipi imesimama na ipi imeanguka, na wajaribu kuinyanyua. Wakishindwa, hapo ndipo unapofundisha, na watakusikiliza kwa sababu wanalihitaji jibu.

Robo saa hiyo pia ndiyo jibu la wale waliolipa ili wakusikie. Wataona kwamba ulikuwa unawasikiliza mmoja mmoja, na kwamba sentensi yao imefika ubaoni. Wape na ushahidi mwingine. Kila mtu ajirekodi kwa simu yake akijieleza kwa dakika moja, aihifadhi rekodi hiyo, kisha baada ya wiki sita ajirekodi tena kwa swali lilelile na asikilize zote mbili akiwa peke yake. Usizicheze mbele ya darasa hata mtu akikuomba. Mtu akisikia sauti yake mwenyewe imeacha kusitasita, malalamiko ya ada hupungua. Na kama kuna atakayesikia hakuna tofauti, ni vizuri wewe ujue mapema kuliko yeye kuondoka kimya.

Faini ikatae. Shilingi 10 kwa kila anayesikika akizungumza Kiswahili ni diski iliyogeuzwa pesa, na masoja na wasusi ndio watakaoilipa zaidi, wakati vijana wa kidato cha nne watakunywa chai ya bure. Kiswahili kipe mahali pake palipo wazi. Kabla ya kuanza, dakika mbili za kupanga watakachosema, kwa lugha yoyote. Kisha Kiingereza mpaka upige kofi, na aliyekwama aulize neno kwa Kiswahili halafu aendelee. Mwishoni maoni, kwa Kiswahili ikibidi. Chai changeni wote kiasi kimoja, na mwinywe katikati ya kipindi, kabla ya ile robo saa ya ubaoni, kwa sababu masoja huwa wanaondoka mapema na wao pia wanastahili kikombe.